Uji wa Mtoto Mwenye Mzio

Hapa Kisumu unga wa uji wa watoto mara nyingi husagwa pamoja na njugu na omena. Ni lishe bora, ila mtoto mwenye mzio, yaani aleji, wa njugu anaweza kubanwa pumzi kwa kijiko kimoja tu. Tena mashine ya kusaga hubakiza unga wa mteja aliyetangulia. Heri nafaka yake itwangwe nyumbani, kwa kinu kisichotwangiwa njugu. Yaya na mwalimu waambiwe. Nyanya pia, maana huona vigumu kumnyima mjukuu. Mtoto akivimba midomo au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja. Kumnywesha maziwa ni kupoteza wakati.