Una Miaka 17 na Unaendesha Pikipiki? Tuongee

Nimeombwa niongee nanyi juu ya pikipiki, na najua wengine mmeshaanza kunong'onezana, "Huyu amekuja kutukataza." Hapana. Nimekuja kuwaeleza jambo ambalo watu hawalisemi: mwanafunzi naye anaweza kushtakiwa kwa kuendesha kwa hatari, hata kabla hajafanya mtihani wa kidato cha nne.

Tuseme una miaka 17 na huna leseni. Ni likizo, kaka anakuachia pikipiki yake upige deiwaka siku ya gulio. Umebeba mishkaki: mama mmoja, mtoto wake, na mkungu wa ndizi umefungwa nyuma. Mvua ya jana imelainisha udongo, mteremko mkali, nawe unakimbiza kwa sababu wateja wengine wanasubiri. Kona, breki, chini! Mama amevunjika mguu. Je, sasa?

Simama. Wengi hukimbia kwa kuogopa wananchi wenye hasira, na hofu hiyo siyo ya kuchekwa. Ukiona maisha yako yako hatarini, nenda moja kwa moja polisi ukajieleze. Kumtelekeza majeruhi ni kosa jingine. Naye asibebwe kama gunia juu ya pikipiki nyingine! Mguu ufungwe na vipande viwili vya mti usitikisike. Akilalamika shingo au mgongo, asinyanyuliwe ovyo, asubiri gari ambalo atalazwa.

Mashtaka yenyewe yanatoka kwenye Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, nayo huweza kuwa zaidi ya moja: kuendesha kwa hatari na kujeruhi, kisha kuendesha bila leseni. Kaka yako naye haponi, maana kumwachia chombo mtu asiye na leseni ni kosa lake yeye.

Hapo inaingia Sheria ya Mtoto ya 2009. Chini ya miaka 18 wewe ni mtoto, hata kama ndevu zimeota. Polisi wanapaswa kumjulisha mzazi au mlezi wako. Kesi husikilizwa na Mahakama ya Watoto, siyo mbele ya umati, na jina lako halitangazwi. Afisa ustawi wa jamii huandika taarifa juu ya maisha yako ya nyumbani na shuleni. Huwezi kuhukumiwa kifungo cha jela.

"Kumbe!" Ngoja kwanza, usishangilie. Mahakama inaweza kukupeleka shule ya maadilisho, nayo iko Irambo, Mbeya, mbali kweli na Karagwe. Inaweza pia kuamuru mzazi alipe faini au fidia. Sasa piga hesabu: fidia hiyo itatoka wapi kama siyo kwenye kahawa ya baba, ile ile iliyokuwa ilipe mahitaji yako ya shule? Na ukifanya kosa hilo hilo ukiwa umetimiza 18, jela inawezekana.

Tuje kwenye mwendo. Kwenye kilomita 50 kwa saa, pikipiki inakwenda kama mita 14 kila sekunde. Goli la mpira lina upana wa mita 7.32. Kwa hiyo ukishtuka kwa sekunde moja tu, umeshapita karibu magoli mawili kabla hata hujagusa breki. Hapo sijaweka utelezi, wala ule mkungu. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watu wa miaka 5 hadi 29 duniani, zaidi ya ugonjwa wowote mmoja. Helmeti inasaidia sana, lakini ivaliwe na ifungwe chini ya kidevu. Ile ya kuning'iniza kwenye usukani ili trafiki aione haijamwokoa mtu.

Na ninyi mnaopakiwa, jamani, mna mdomo. "Simama nishuke" ni maneno mawili tu.

Ukiwa na swali la sheria, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yuko Kayanga. Siyo lazima uwe na kesi ndipo umwone.