Ladha ya majani ndani ya chupa: siki ndiyo, mafuta hapana



Leo tuko na swali moja la kukata. Chama kitoe pesa ya chupa kwa kikundi cha jikoni, ama hapana? Sisi tunaosimamia kikundi tunasema ndiyo, lakini kwa masharti. Sharti moja litawaudhi wengine, juu ile chupa ambayo wateja wanatuomba kuliko zote ndiyo tunataka isiuzwe kwa jina la chama.

Wale wa Lugufu na Nyarugusu munakumbuka posho: unga wa mahindi, maharage au dengu, mafuta, chumvi. Mwezi kwa mwezi, ile ile. Kilichobadilisha sufuria ni mchaichai kando ya nyumba, kivumbasi, kitunguu saumu kidogo. Tangu meli zianze kutuleta kutoka Kigoma mpaka Baraka mwaka 2005, akili hiyo tumerudi nayo. Na munaona wenyewe: mvua ikiwa mingi majani yanaoza bustanini, kiangazi kikifika tunayanunua kwa bei ya juu.

Basi siki, ile wengi tunaita vinegre. Tunachukua paka ile yenye maandishi yanayosema asidi ni asilimia 5. Ile ya kumimina sokoni bila alama inaweza kuwa imeongezwa maji, tuiache. Chupa inachemshwa ndani ya maji dakika 10. Majani yanaoshwa, kisha yanakaushwa maji kabisa kwa kitambaa safi. Maji yakibaki yanaipunguza siki nguvu. Kikombe kimoja cha majani mabichi kwa nusu lita ya siki iliyopashwa moto bila kuchemka. Ukitaka kitunguu saumu, punje nne zilizomenywa. Funika kwa kifuniko cha plastiki, maana siki inakula chuma. Weka gizani wiki tatu au nne, chuja, tia ndani ya chupa nyingine safi.

Maharage yakiwa mabichi usitie siki hii: ukali unayafanya magumu na makala yanaisha bure. Yakiisha kuiva, kijiko kimoja kinatosha. Kwa ndagala ni tamu zaidi, hapo hatubishani na mtu.

Sasa mafuta. Kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta kinanukia, na chupa yake inapendeza macho. Lakini kitunguu kinatoka udongoni, na udongo uko na kijidudu kinacholeta ugonjwa wa botulizimu. Mbegu zake hazifi kwa maji ya kuchemka. Mafuta yanazuia hewa, na kijidudu hiki kinapenda mahali pasipo hewa wala ukali. Ndiyo maana siki inatulinda na mafuta hayatulindi. Kinaacha sumu bila kubadilisha harufu wala rangi. Mtu anaona vitu viwili-viwili, kope zinaanguka, ulimi unakuwa mzito, mwisho pumzi inakatika. Hata wenye friji wanashauriwa kuyaweka humo na kuyamaliza kwa siku chache. Sisi friji iko wapi?

Mama mmoja ametuuliza: mbona bibi zetu walitia pilipili ndani ya mafuta na tuko hai? Mama, ile ilitengenezwa kuliwa nyumbani, haraka. Chupa ya kuuza inakaa miezi kwenye rafu ya mtu tusiyemjua. Pilipili tutaiuza ndani ya siki na chumvi.

Chumvi ya seleri haina shida: majani yakauke kivulini mpaka yavunjike mkononi, kipimo kimoja kwa vitatu vya chumvi, twanga pamoja.

Vanila inatoka upande wa Beni, na ni ghali. Gramu 100 zilizopasuliwa kwa lita moja ya pombe kali yenye asilimia 35 au zaidi, miezi miwili au mitatu. Lakini kanyanga hapana! Hakuna kati yetu mwenye kipimo cha kujua nguvu yake, wala kama imeingia metanoli, inayopofusha watu na pua haiitambui. Wasiogusa pombe wafukie vanila ndani ya sukari iliyofunikwa vizuri, wiki mbili. Kwa maandazi inatosha kabisa.

Wafadhili wameuliza juu ya nini tunaomba kioo, wakati plastiki ni rahisi. Kioo kinachemshwa, hakishiki harufu, na mteja akikirudisha tunakitumia tena. Vifuniko ndivyo vitanunuliwa vipya kila mara.

Kura tutapiga leo kabla ya kutawanyika. Ikipita, kila mwenye majani aje nayo Alhamisi asubuhi, yamekatwa siku ile ile, na kitambaa safi chake mwenyewe. Siki tutaisoma maandishi pamoja, mbele ya wote, kabla chupa ya kwanza haijafunguliwa.