Kituo cha Mkoa na Watu Wake: Televisheni ya Morogoro Ikitazamwa Kutoka Mlabani

Mada iliyowasilishwa kwa waandishi wa habari na watayarishaji wa vipindi wa Bonde la Kilombero, Mlabani, Ifakara



Nimeombwa nizungumzie historia ya televisheni ya nyumbani na watu walioipa sura. Nyumbani kwenyewe ni Mkoa wa Morogoro, kwa hiyo mtanivumilia nikitoka hapa Mlabani, nikapita Kidatu na Mikumi hadi mjini Morogoro, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Huko ndiko viliko vituo ambavyo mkoa unaweza kuviita vyake: Abood TV na, chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA TV. Nitakaa zaidi kwa Abood. Ninachokiamini ni kwamba uhai wa kituo cha mkoa unategemea kwanza watangazaji wanaokubali kubaki mkoani. Na bonde letu limepigwa picha na wageni kwa miaka mingi, huku lenyewe halina hata kabati la kutunzia picha zake.

Bara ilivyochelewa

Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962, Uganda tangu 1963. Zanzibar ikaanza mwaka 1973, tena kwa rangi, wakati vituo vingi vya Afrika bado vinarusha picha nyeusi na nyeupe. Mzee Karume, aliyeutaka mradi ule, aliuawa Aprili 1972 kabla hajauona ukifanya kazi. Tanzania Bara ilikaa na redio yake. Serikali ya Mwalimu iliona kwamba redio inawafikia wakulima wengi zaidi kwa fedha kidogo, na kwa nchi ya vijiji hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Siilaumu.

Ila ilikuwa na gharama, na Morogoro ililipa kuliko mikoa mingi. Mbaraka Mwinshehe alipiga gitaa na Morogoro Jazz, akaenda nayo hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, kisha akaanzisha Super Volcano. Alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979. Televisheni ya kwanza ya Bara ilikuja miaka 15 baadaye. Sauti yake tunayo kwa sababu Redio Tanzania ilimrekodi na kuzitunza kanda. Alivyosimama jukwaani, alivyolishika gitaa, alivyowaangalia wachezaji, kijana wa leo anasimuliwa tu na wazee. Naomba mfano huu tuushike, nitauhitaji tena kidogo mbele.

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyowafungulia mlango watu binafsi. Mwaka uliofuata Dar es Salaam ikapata CTN, DTV na ITV. Serikali ilikuja nyuma yao na TvT, ambayo baadaye ilichanganywa na Redio Tanzania ikazaliwa TBC. Mwanza nayo ikapata Star TV chini ya Sahara, kampuni ya Anthony Diallo, na kwa mara ya kwanza wananchi wakaona kwamba kituo kinachotazamwa nchi nzima kinaweza kukaa nje ya Dar es Salaam. Nadhani mafanikio hayo ndiyo yaliyowapa moyo wafanyabiashara wa mikoa mingine, ingawa si wengi waliokuwa na mfuko wa kuyafuata.

Uncle J

Morogoro mwenye mfuko huo alikuwa Aziz Abood, ambaye mabasi ya familia yake hayahitaji kutambulishwa kwa mtu yeyote aliyewahi kusubiri usafiri Msamvu. Abood Media ikawa na redio na televisheni. Mwaka 2010 mwenyewe akachaguliwa kuwa Mbunge wa Morogoro Mjini. Kituo kinachomilikiwa na mbunge wa mji uleule kinaoutangazia kina ugumu wake, na sisi wanataaluma tusijifanye hatuuoni. Mwandishi anayepelekwa kwenye mkutano wa hadhara anajua mwenye kamera ni nani, na mwananchi anayehojiwa anajua pia. Hali hii haiko Morogoro peke yake. Diallo naye alikuwa mbunge na waziri. Katika mikoa yetu mtu mwenye uwezo wa kununua mitambo mara nyingi ndiye mwenye uwezo wa kugombea. Kinachoweza kumlinda mwandishi hapo ni mhariri mwenye jina kubwa, ambaye umma unamwamini kabla hajaingia kwenye kituo hicho.

Na Abood ilimpata mtu wa namna hiyo. Julius Nyaisanga, Uncle J, alikuwa amekwisha kuwa sauti ya taifa. Alitoka Redio Tanzania Dar es Salaam, enzi ambazo nchi ilikuwa na redio moja na watangazaji wake walijulikana kwa majina hadi vijiji visivyofikika masika. Zilipokuja redio za watu binafsi akawa miongoni mwa majina makubwa ya Radio One, ya IPP ya Reginald Mengi. Alikuwa na ile sauti nzito isiyo na haraka, na kicheko ambacho msikilizaji alikitambua kabla jina halijatajwa. Baada ya yote hayo alikwenda Morogoro kuiongoza Abood Media. Huko ndiko mauti yalikomkuta, hospitali ya Mazimbu, tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa bado kazini.

Tulinganishe na wenzake. Tido Mhando alianzia Redio Tanzania, akafika kuiongoza Idhaa ya Kiswahili ya BBC jijini London, akarudi mwaka 2006 kuishika televisheni ya taifa hadi ikawa TBC, kisha akaenda sekta binafsi. Charles Hilary, aliyefariki Mei 2025, alitoka Redio Tanzania akaenda Radio One, akavuka hadi Deutsche Welle na BBC, akarudi Azam, akamalizia utumishi wake kama Msemaji Mkuu wa Serikali ya Zanzibar. Ni safari za heshima, na kila moja ilikwenda kwenye kituo kikubwa zaidi au mji mkubwa zaidi. Nyaisanga alikwenda kinyume: kutoka Dar es Salaam kurudi mkoani. Wapo waliodhani ameshuka. Kwangu mimi hatua ile ina uzito kuliko mtambo wowote ulioingizwa Morogoro, kwa sababu kijana aliyeajiriwa Abood miaka ile alikaa chumba kimoja cha habari na mtu aliyejifunza kazi katika shule ya watu wa Redio Tanzania kama David Wakati, ambako kutamka jina la kijiji vibaya kulikuwa kosa la kuitwa ofisini.

Hapa niseme jambo ambalo baadhi yenu halitawapendeza. Vituo vyetu vya mikoani vimegeuzwa kuwa chuo cha vitendo cha Dar es Salaam. Kijana anajifunza kusoma habari kwa gharama ya kituo kidogo, akianza kujulikana anapigiwa simu, anaondoka. Simlaumu, mshahara ni mshahara. Lakini mtazamaji wa Kilosa au Malinyi kila baada ya miaka miwili anaanza kuzoea sura mpya ambayo haijui tofauti ya Mngeta na Mang'ula. ITV ilijenga umma wake kwa kitu tofauti: vipindi na sura zinazorudi. Kipima Joto na Malumbano ya Hoja vilikuwa na siku zake, na watu walipanga chakula cha jioni kwa kuvizingatia. Kundi la maigizo la Kaole lilipata watazamaji wake kwa sababu wiki hadi wiki ni watu walewale, na humo ndimo alimokulia mwigizaji Steven Kanumba.

Udzungwa katikati

Kwa nini basi kituo cha Morogoro mjini hakikuwa kituo cha Ifakara? Jibu la kwanza ni milima. Mawimbi ya televisheni husafiri kwa mstari ulionyooka, na safu ya Udzungwa ina vilele vinavyopita mita 2,500. Mnara ulioko Morogoro hauwezi kuona bonde hili. Unahitaji mtambo mwingine wa kupokea na kurusha tena, wenye umeme wake, fundi wake na mlinzi wake. Jibu la pili ni umeme. Kidatu ina mitambo ya maji ya megawati 204, umeme wake unakwenda kuwasha Dar es Salaam, lakini vijiji vingi vya bonde vilikaa gizani hadi miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini ilipoanza kuvifikia.

Kwa hiyo hapa watu wengi waliifahamu televisheni kwenye kibanda umiza. Dishi, jenereta, mabenchi, turubai la kuzuia mwanga, ubao nje wenye ratiba ya mechi iliyoandikwa kwa chaki. Mchana filamu za Kihindi na za Kichina zilizotafsiriwa, jioni mpira wa Uingereza. Tukiandika historia ya watu mashuhuri wa televisheni tukawaacha watafsiri wa filamu, tutakuwa tumeandika nusu. Derek Mukandala, yaani Lufufu, hakuwahi kuwa na mnara, lakini sauti yake ilifika vibandani ambako taarifa ya habari haikufika. Alimfanya mhusika wa Hong Kong azungumze kama jirani wa Manzese.

Kisha ikaja dijitali. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam. Miji mingine ya awamu ya kwanza, yaani Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha, Moshi na Mbeya, ilifuata mwaka 2013. Morogoro haikuwemo kwenye orodha hiyo. Wengi walizungumzia bei ya ving'amuzi. Wachache walizungumzia badiliko kubwa zaidi: kazi ya kutengeneza vipindi ilitenganishwa na kazi ya kurusha matangazo. Zamani kituo kidogo kilikuwa na mnara wake na kikajitegemea. Sasa kilihitaji nafasi kwenye mitambo ya kampuni chache zilizopewa leseni ya kurusha, na nafasi ina bei. Mwezi Agosti 2018 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliwazuia wenye ving'amuzi vya madishi, wakiwemo Azam, DStv na Zuku, kubeba chaneli za ndani zinazotakiwa kuonekana bure, isipokuwa TBC. Nia ilikuwa mwananchi asilipishwe kitu cha bure. Matokeo kwa mtu wa bondeni, ambaye mawimbi ya ardhini hayamfikii na anategemea dishi, yalikuwa chaneli za nyumbani kupotea kwenye kioo chake huku za nje zikibaki.

Bonde linalopigwa picha

Kamera hazijakosekana Kilombero. Zilikuja Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilipozama mtoni, zikaja tena Mei 2018 Rais Magufuli alipofungua daraja la mita 384 lililochukua nafasi ya kivuko. Zinakuja Mto Lumemo ukifurika. Wapiga picha kutoka Ulaya wanafika hapahapa Mlabani, Taasisi ya Afya Ifakara, kuonyesha dunia mbu na vyandarua. Wanatoa picha, wanaondoka nazo.

Chukueni Idete. Mwaka 1993 watoto wa kijiji kile walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994 katika jarida la Lancet, mwaka uleule ambao Bara ilipata televisheni. Chanjo haikufika mbali, lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa Afrika kujaribu kitu cha aina ile kwa watoto wadogo kwa kiwango hicho, na barabara iliyofunguliwa pale ndiyo iliyopitiwa na chanjo za baadaye. Wale watoto sasa ni watu wazima wenye watoto wao. Mama zao wengi bado wapo. Kipindi cha nusu saa cha mama hao wakieleza waliambiwa nini na waliogopa nini kingetazamwa Nairobi na Geneva, na hakihitaji mnara.

Ndiyo maana siungi mkono wazo, ambalo nimelisikia tangu asubuhi, kwamba tuanze kwa kutafuta mfadhili wa kituo cha televisheni cha Ifakara. Tunazo Pambazuko FM hapa mjini na Ulanga FM kule Mahenge, zenye watangazaji ambao bonde linawajua. Hao ndio wapewe kamera. Kuhusu vijana wanaofungua televisheni za mtandaoni, kanuni za mwaka 2018 ziliwataka walipe ada iliyowashinda wengi, na hata baada ya kupunguzwa bado ni nzito kwa mtu mwenye simu na kipaza sauti tu. Heri vijana kumi chini ya leseni moja kuliko leseni kumi zinazokufa baada ya miezi mitatu. Na tuache kuziita televisheni akaunti zinazonakili video za ugomvi wa Dar es Salaam na kuzipa kichwa cha habari cha kutisha.

Ninaomba semina hii itoke na maazimio mawili tu. La kwanza, kila redio ya bonde iteue mtu mmoja wa kutunza picha na sauti, diski mbili kwa kila kipindi, moja ikae nje ya ofisi, kwa sababu mafuriko tunayajua. La pili, kabla ya masika yajayo turekodi wazee wa ngoma ya sangula, wavuvi wa mto kabla na baada ya daraja, na kina mama wa Idete, watangazaji wetu wenyewe wakiuliza maswali. Mbaraka Mwinshehe hatuwezi kumrekodi tena. Hawa bado wapo, na wengine wanakaa mtaa wa pili kutoka ukumbi huu.