Tintin wa Kitabuni na Tintin wa Filamuni

Ndugu msikilizaji, wiki hii naomba uniruhusu niache habari za tumbaku na barabara, nizungumzie katuni. Usicheke. Aliyenitia katika mazungumzo haya ni mjukuu wa jirani yangu hapa Mpanda, mtoto wa darasa la sita.

Alikuja kwangu na simu ya mama yake. Baada ya shikamoo akanionyesha filamu za katuni za Tintin, yule kijana mwandishi wa habari mwenye kishungi cha nywele na mbwa mweupe. Ameziangalia karibu zote. Nami nikakumbuka kwamba katika sanduku langu ninacho kitabu kimoja cha Tintin, cha Kifaransa, nilichopewa zamani na rafiki aliyekuja kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Nikakitoa. Mtoto akafungua, akapitisha macho kwenye picha, akaniuliza: "Babu, mbona hii ya Kongo haimo kwenye filamu?"

Siku ile sikumjibu vizuri. Nimepata juma zima la kufikiri, na leo najaribu.

Tintin alizaliwa mwaka 1929 katika gazeti la watoto la huko Ubelgiji, kwa mkono wa mchoraji aliyejiita Hergé. Safari yake ya kwanza ilikuwa Urusi ya Kisovieti, na ya pili Kongo, iliyotoka gazetini kati ya mwaka 1930 na 1931. Filamu anazoziangalia mtoto huyu zilitengenezwa na Wafaransa na Wakanada kuanzia mwaka 1991, kwa ajili ya televisheni. Watengenezaji wake waliheshimu sana vitabu. Mstari ule mwembamba na safi wa Hergé waliuacha ulivyo, na rangi zake tulivu, na hata visa karibu vyote. Lakini hadithi mbili za mwanzo, ya Urusi na ya Kongo, hawakuzigusa kabisa.

Kabla sijafika kwenye Kongo, niseme kidogo juu ya tofauti ya kawaida kati ya kitabu na filamu. Kitabu cha katuni unakiendesha mwenyewe. Picha imesimama, unaweza kuikodolea macho dakika tano, ukarudi nyuma, ukaruka mbele. Na sauti za watu unazitengeneza mwenyewe kichwani. Sisi tuliosoma jarida la Sani, kila mmoja alikuwa na sauti yake ya Lodi Lofa na ya Ndumilakuwili. Wangetuletea filamu yenye sauti ya mtu mwingine, nadhani tungegombana. Filamu inakuchukulia kazi hiyo. Mwendo si wako, na muziki unakuamuru sasa uogope, sasa ucheke.

Wakati mwingine filamu huenda mbali zaidi. Mwaka 2011 Steven Spielberg wa Marekani alitoa filamu ya Tintin iliyochanganya vitabu vitatu katika chungu kimoja. Bwana Sakharine, ambaye kitabuni ni mzee asiye na hatia anayekusanya mifano ya meli, katika filamu akageuzwa kuwa adui mkuu. Yule mwimbaji mwanamke mwenye sauti ya kupasua vioo akaingizwa humo ingawa katika vitabu hivyo vitatu hayumo, na Profesa aliyeziba masikio, ambaye kitabuni ndipo tunapokutana naye mara ya kwanza, akaachwa nje. Mimi sina ugomvi na hayo. Msimulizi ana haki ya kupunguza na kuongeza, hata bibi zetu walifanya hivyo na hadithi za sungura.

Kongo ni jambo jingine. Katika kitabu kile Waafrika wamechorwa midomo minene kama maandazi, wanazungumza lugha iliyovunjika kama watoto wachanga, na wanamsujudia kijana mgeni, na mbwa wake pia. Tintin anaingia darasani kwenye shule ya misheni na, katika toleo la mwanzo, anawafundisha watoto wa Kikongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Anawapiga risasi swala kumi na kadhaa akidhani anamkosa mmoja. Anamwua tembo na kuondoka na pembe. Kifaru anamtoboa mgongoni na kumlipua kwa baruti! Sisi majirani wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, tunajua mtu wa namna hiyo angelala wapi usiku huo.

Msikilizaji, hata kitabu chenyewe kilijisahihisha kabla ya filamu. Hergé alipokichora upya kwa rangi mwaka 1946, lile somo la nchi yenu Ubelgiji aliliondoa, akaweka somo la hesabu. Mwaka 1975, wachapishaji wa nchi za Skandinavia walipolalamika, yule kifaru alinusurika, akakimbia zake. Hergé mwenyewe alikuja kukiri kwamba alichora kutokana na mawazo ya watu waliomzunguka, bila kuijua Kongo. Alijifunza. Kitabu chake juu ya China alikichora akisaidiwa na rafiki Mchina, na tofauti inaonekana wazi.

Lakini midomo ile ilibaki. Mkongo mmoja aishiye Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikishtaki kitabu mwaka 2007. Mahakama ya Brussels ikamkatalia mwaka 2012. Na ajabu ni kwamba huko Kinshasa mafundi wanachonga sanamu za Tintin na kuwauzia watalii.

Habari hii si ya mbali nasi. Nenda Karema, hapa hapa katika mkoa wetu wa Katavi, kando ya ziwa. Kituo kile kilianzishwa mwaka 1879 na Wabelgiji, Kapteni Cambier na wenzake, kwa ajili ya jumuiya ya Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka 1885, wakubwa wa Ulaya walipokwisha kugawana, ufuko huu ukawa upande wa Mjerumani na kituo wakakabidhiwa Mapadre Weupe. Mstari ungechorwa tofauti kidogo, darasa lile la Tintin lingekuwa la babu zetu.

Sasa, walifanya vema kuiacha? Nawaelewa. Filamu ya katuni mtoto huiangalia peke yake, hakuna mtu mzima wa kuisimamisha na kusema, ngoja, hapa wametutukana. Ningekuwa mimi, nisingeitengeneza. Hata hivyo kuna kinachoniudhi. Kwa mtoto wa jirani yangu, Tintin alizaliwa akiwa mwema, rafiki wa wanyonge wa kila taifa. Filamu haikumdanganya kwa neno hata moja, ilinyamaza tu. Na kama nisingekuwa na sanduku la vitabu vikuukuu, asingejua kwamba kijana huyo amewahi kuja upande wetu, wala alivyotuona.

Ndiyo maana kitabu sikukirudisha sandukuni. Mama yake aliniuliza kama si afadhali nikichome. Nimemwambia mtoto aje Jumamosi na simu yake, tuangalie filamu moja, kisha tufungue kitabu ukurasa kwa ukurasa, tusimame kila anapotaka kusimama. Kifaransa changu kimechakaa, lakini kamusi nimeshaiazima.