Majina Mlangoni: Ujerumani, Kiambaa na Kazi ya Kukumbuka

Wakazi wengi wa Eldoret huuliza ni kwa nini Ujerumani haichoki kuwafundisha watoto habari za mauaji ya kimbari, yaani uangamizaji uliopangwa wa jamii nzima, ambamo Wanazi waliwaua Wayahudi wapatao milioni 6. Sababu ni kwamba chuki dhidi ya Wayahudi haikuanza na Hitler wala haikufa naye. Mwaka 1903, baada ya Wayahudi kuuawa katika mji wa Kishinev, uliokuwa chini ya Urusi, Uingereza ilijitolea kuwapa makao katika uwanda wa Uasin Gishu, uliko mji wa Eldoret, ardhi ambayo haikuwa yake kugawa, na Wazayuni, yaani Wayahudi waliotafuta taifa lao, wakalikataa pendekezo hilo mjini Basel mwaka 1905.

Kinachomshangaza zaidi Mkenya aliyehamia Ujerumani ni vijiwe vya sentimita 10, vyenye bamba la shaba, ambavyo msanii Gunter Demnig alianza kuvipachika njiani miaka ya 1990, mbele ya milango ya nyumba za kawaida, kila kimoja kikiwa na jina la mhanga wa Wanazi aliyeishi humo, mwaka aliozaliwa na yaliyompata, mara nyingi mahali alikouawa. Gharama, iliyokuwa euro 120 kwa miaka mingi, huchangwa na majirani, jamaa au wanafunzi, na yeyote aliyewahi kutuma mchango wa mazishi kwa M-Pesa ataelewa uzito wa kutoa hata kwa ajili ya marehemu asiyemjua. Linalokera ni kwamba nchi hiyohiyo haikuomba radhi huko Songea, Tanzania, kwa mauaji iliyoyafanya katika vita vya Majimaji, vya 1905 hadi 1907, mpaka ilipofika Novemba 2023.

Kwa ufupi, mgeni aliyeko Ujerumani asitaje Hitler kwa mzaha, ingawa baadhi ya wanafunzi wa Kenya humbandika mwalimu mkali jina hilo, saluti ya Kinazi ni kosa la jinai, na kumbukumbu za tarehe 27 Januari, siku kambi ya mauaji ya Auschwitz ilipokombolewa mwaka 1945, zihudhuriwe kwa utulivu.

Nyumbani, kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa tarehe 1 Januari 2008, likiwa na watu waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi, ambao wengi wao walikuwa wanawake na watoto, na zaidi ya 25 wakafa, lakini jambo hilo bado huzungumzwa kwa kunong'ona, kana kwamba kunyamaza ndiyo amani. Shule hufunguliwa siku chache baada ya tarehe hiyo. Walimu wa Eldoret na wayasome majina ya marehemu hao kwenye gwaride la kwanza la mwaka.