Wanafunzi Wetu Walioko Ng'ambo na Siasa za Nyumbani

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, mjini Lamu)



Nimetakiwa niseme juu ya neno moja lililoletwa na Kamati, nalo ni lile sharti jipya linalotakiwa kutiwa katika fomu ya msaada wa masomo: kwamba kila mwanafunzi tunayemsaidia aahidi kwa sahihi yake kuwa, muda wote awapo ng'ambo, hatajiingiza katika siasa za nyumbani, na atakayevunja ahadi akatiwe msaada. Walioleta neno hili ni watu wenye huruma na watoto wetu, nami nawaheshimu. Hata hivyo nimesimama kulipinga.

Wanaloliogopa si la kubuni. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla wa Mombasa, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? Akafungwa, asitoke mpaka 1972, na baada ya hapo maisha yake mengi ameyapitisha Tanzania, Uingereza na Ujerumani. Katika miaka ya 1990 Sheikh Khalid Balala alikwama Ujerumani kwa sababu serikali ya wakati ule ilimnyima pasi, asiweze kurudi hadi 1997. Mzazi aliyeyaona mambo haya hawezi kulaumiwa akimwambia mwanawe, "Soma, unyamaze, urudi." Lakini Katiba ya 2010 imeandika, katika kifungu cha 12, kwamba pasi ni haki ya raia, na katika kifungu cha 39 kwamba raia ana haki ya kuingia nchini mwake na kukaa. Sijasema kuwa maandishi ni ngao isiyotoboka. Nasema haifai sisi wenyewe tuweke katika fomu yetu kizuizi ambacho sheria ya nchi imekiondoa.

Tena tukumbuke fedha za namna hii zilianzaje. Mwaka 1955 Tom Mboya, mtu wa vyama vya wafanyakazi, alikwenda kusoma katika chuo cha Ruskin, Oxford. Hakukaa kimya. Alipokuwa huko aliandika kijitabu juu ya jambo la Kenya na jawabu la Mwafrika, kikachapishwa London mwaka 1956, na Waingereza waliokuwa wakizisikia habari za Kenya kutoka kwa walowezi wakapata kuzisikia kutoka kwa mwenyeji. Mwaka uliofuata alichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Ndiye huyo aliyehangaika hata ndege ya kwanza ya wanafunzi 81 ikaruka kwenda Marekani Septemba 1959, na wazee wa vijijini wakachanga senti zao kama tunavyochanga sisi. Lau waliomsaidia Mboya wangalimtaka atie sahihi fomu kama hii, sijui ndege hiyo ingalipata nani wa kuihangaikia.

Nisiwafiche upande wa pili, maana wazee waliopo hapa wana jamaa Unguja na wanayajua mambo hayo kuliko mimi. Kabla ya 1964 vijana wengi wa Unguja walipelekwa Misri, China na kwingineko kwa mikono ya vyama vya siasa. Mtu aliyelipiwa na chama hurudi na deni la chama. Basi hapo ndipo ninapoona hatari, wala si katika mwanafunzi kusema. Na sharti hili, ukilitazama vizuri, ni deni la namna ile ile: sisi tumemlipia, kwa hiyo sisi tuushike ulimi wake.

Sasa nije kwetu, kwani hapa ndipo moyo wangu ulipo. Tangu mradi wa bandari na njia kuu ulipozinduliwa Machi 2012, visiwa hivi vimeletewa makaratasi ambayo baba zetu hawakupata kuyaona: ripoti za mazingira, mikataba, hukumu. Karibu yote ni ya Kiingereza, na mengine ni mazito kama msahafu mkubwa. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi, na sababu moja kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wananchi ni sisi. Hushirikishwaje mtu katika jambo asiloweza kulisoma?

Miaka michache iliyopita mmoja wa vijana wetu, aliyekuwa akisoma mbali, alileta sauti yake kwa simu, ikaenea kutoka Mkomani hadi Faza, akiwalaumu wavuvi kuwa wanaiuza haki yao. Hakuwa amemuuliza mvuvi hata mmoja. Mjomba wake, ambaye riziki yake ni jarife na madema, alimjibu: "Mwanangu, njoo usimame nami majini wakati wa kusi, kisha useme." Kijana aliona haya. Akapiga simu kwa huyu na yule, akauliza, akaisoma hukumu yenyewe mwanzo hadi mwisho, kisha akaleta kurasa mbili za Kiswahili safi kueleza imeamuliwa nini na imesalia nini. Kurasa hizo nilizisikia zikisomwa barazani baada ya sala ya alasiri, na watu wakasimamisha dhumna ili wasikilize. Sharti hili lingaliyazuia makosa yake ya kwanza. Lingalizuia na kurasa mbili.

Mtu atasema: na wangoje kura. Kura gani? Mwaka 2022 Wakenya walioko nje walipiga kura katika nchi 12 tu, na kwa rais peke yake. Saudia haikuwamo, na kila mtu hapa anajua ni wangapi wetu wako Madina. Kijana wa Kizingitini aliye huko hana kura ya mbunge wala ya gavana. Kilichomsalia ni maneno yake, nasi twataka kumnunulia hayo kwa karo ya muhula mmoja.

Kwa hiyo naleta pendekezo. Sharti hilo lifutwe. Mahali pake iandikwe kwamba mwanafunzi anaombwa, wala halazimishwi, kila mwaka atuletee waraka mmoja wa Kiswahili juu ya jambo lolote la umma linalotuhusu, kwa jina lake mwenyewe, baada ya kuwauliza walio nyumbani. Na Chama kisiufanye waraka huo kuwa wa chama chochote cha siasa. Akitulaumu sisi Kamati, usomwe vivyo hivyo.

Fomu za mwaka huu hazijapigwa chapa. Bwana Karani amezizuia mpaka mkutano huu upige kura, nami nakaa chini ili kura ipigwe.