Neno «wote» na treni za 1993

(Maneno tuliyosema kwenye mkutano mkuu wa chama, hapa Kolwezi. Kamati iliomba yaandikwe ili na wale ambao hawakufika wayasome.)

 

Kamati ilituomba tueleze ile mambo ya Wikipedia, kwa sababu habari zilizotembea katika kartie hazikuwa sawa. Wengine walisikia kwamba tumekatazwa kuandika historia yetu. Wengine walisikia kwamba tumeshinda. Yote mawili si kweli.

Kwa wale ambao hawaifahamu: Wikipedia ni kamusi elezo ya kwenye intaneti, na mtu yeyote anaweza kuandika ndani yake. Kila badiliko linabaki limeandikwa, na tarehe na saa yake. Nyuma ya kila ukurasa kuna ukurasa mwingine ambapo wahariri wanabishana. Watoto wenu wanaisoma kuliko kitabu chochote. Wafadhili pia wanaisoma kabla ya kupanda ndege, wasituambie hapana.

Vijana wa chama walikaa kwenye biro yetu kutafuta yanayosemwa juu ya mji huu. Vita vya 1978 vina ukurasa wake mzima: waasi wa FNLC kuingia Kolwezi tarehe 13 mwezi wa tano, askari wa Ufaransa kuruka na parashuti tarehe 19. Hata pale, Wazungu waliokufa wanajadiliwa karibu mmoja mmoja, na wetu mara nyingi wanaachiwa neno «mamia». Shaba na kobalti hazikosi maneno. Lakini juu ya kufukuzwa kwa watu wa Kasai, Likasi mwaka 1992 na hapa Kolwezi kuanzia mwezi wa tatu 1993, tulipata mistari michache tu.

Basi tukaandika. Tulikuwa na hasira, na hasira haijui kuandika vizuri. Tuliweka sentensi mbili kwa Kifaransa. Ya kwanza ilisema kwamba wenyeji wote wa Kolwezi waliwafukuza majirani zao Wakasai. Ya pili ilitoa hesabu ya walioondoka. Jioni ile ile mhariri mmoja aliziondoa zote mbili, na kwenye ukurasa wa majadiliano akaacha maswali matatu: Nani amehesabu? Imechapishwa wapi? Na «wote» maana yake nini?

Tulileta maswali hayo kwenye kikao. Mnakumbuka. Baba mmoja aliyefanya kazi kwenye reli alisimama akitetemeka: «Shiye tulikuwako. Ye hakukuwako. Sasa anatuuliza nini?» Watu wakapiga makofi. Hata sisi tulipiga.

Halafu mama mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi, aliomba neno. Alisema jirani yake, mama Musanga, aliwaficha watoto wake watatu chini ya kitanda na chakula aliwapa yeye, hadi siku ya kwenda kwenye gare. «Kama mumeandika wote, mumemuandika naye.» Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi.

Swali la tatu likajibiwa hivyo, na aliyejibu ni mtu wetu.

Swali la kwanza lilitupa haya zaidi, na hapa tunaongea na wafadhili. Ile hesabu tuliitoa kwenye rapoti yetu wenyewe ya mradi. Tulipoulizwa, tukafuata njia yake kurudi nyuma. Rapoti yetu ilikuwa imeitoa kwenye ukurasa wa kamusi elezo, toleo la zamani. Ukurasa ule ulitaja rapoti ya shirika lingine. Tulipoifungua, ilisema tu «kulingana na mashirika yaliyoko pale». Mashirika gani? Sisi na wenzetu! Nyoka alikuwa anakula mkia wake, na hatukuona kwa sababu kila mara namba ilikuwa na tanbihi nzuri chini yake. Namba hiyo hatutaitaja hapa, isije ikapata miguu tena. Wafadhili walioipokea tumewaandikia barua ya kusahihisha.

Tena kuna jambo kubwa zaidi ya kosa letu. Sensa ya mwisho ya nchi yetu ni ya 1984. Kila hesabu ya wakaaji wa Kolwezi mnayoisikia leo ni makadirio. Na 1984 ni kabla ya treni. Watu waliohesabiwa hapa mwaka ule, wafanyakazi wa Gécamines na jamaa zao, wengi waliondoka 1993, na hakuna aliyerudi na daftari kuwatoa kwenye hesabu, wala kuwarudisha waliporudi. Anayetaka namba kamili anaomba kitu ambacho serikali yenyewe haijawahi kukihesabu.

Mabishano ya pili yalikuwa juu ya maneno. Mhariri mmoja alitaka «waliohama». Mwingine alitaka neno zito la mauaji ya kabila. Magazeti ya wakati ule yalisema «refoulés», na ninyi wenyewe bado mnalitumia. Lakini tulifikirie. Refoulé ni mtu aliyerudishwa kwao. Union Minière ilikuwa ikiajiri watu kutoka Kasai tangu miaka ya 1920. Mtoto aliyezaliwa hapa, baba yake amezaliwa hapa, alirudishwa wapi? Wengi wenu mlishuka Mwene-Ditu bila kujua hata mlango mmoja wa kubisha. Kwa hiyo tulipendekeza «kufukuzwa», na kueleza kando kwamba «refoulés» ndilo neno lililotumika. Hilo lilikubaliwa, kwa sababu limechapishwa katika vitabu vya wanahistoria.

Na hapo ndipo swali la pili: imechapishwa wapi? Kanuni yao ni kwamba kamusi elezo haichapishi jambo kwa mara ya kwanza. Inarudia yaliyokwisha kuchapishwa mahali pa kuaminika. Ushuhuda wa mdomo, hata uwe wa kweli namna gani, hauingii. Wenzetu wengine walijaribu kuilegeza: mwaka 2011 kulikuwa na mradi huko India na Afrika Kusini wa kurekodi sauti za watu na kuzitumia kama ushahidi wa makala za Wikipedia. Lakini kanuni bado ipo.

Tuliilalamikia sana. Lakini fikirieni pia mtu mwingine katika mji huu, mwenye hasira ya upande mwingine, anayeandika kwamba 1993 hakukuwa na kitu, watu walipanda treni kwa hiari yao. Naye atasema alikuwako. Kinachomzuia ni kanuni hiyo hiyo.

Kuna mfano wa karibu. Mwaka 1965, Lubumbashi ikiitwa bado Elisabethville, chama cha watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu kilitoa historia ya mji kwa Kiswahili chetu hiki cha Katanga. Aliyeiandika ni André Yav. Ilikuwa karatasi za mashine tu, za chama kidogo kama chenu. Mwaka 1990 profesa Johannes Fabian aliitoa kama kitabu, na leo watafiti wa dunia nzima wanawataja wale maboyi wa zamani. Na Chuo Kikuu cha Lubumbashi, profesa Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake wamekusanya kumbukumbu za wafanyakazi kwa miaka mingi. Njia ipo. Inapita kwenye karatasi.

Kwa hiyo kamati imeamua hivi. Kila Jumamosi, saa tatu asubuhi, tutakaa kwenye biro kurekodi. Mlete kadi ya kazi, kadi ya ubatizo, picha, tiketi ya treni kama mtu aliitunza. Kila mtu aseme aliyoyaona mwenyewe. Aliyoyasikia tutayaandika kando. Wawili wakipingana juu ya siku treni ilipotoka, tutaandika siku zote mbili. Majina ya waliotenda mabaya hatutayachapisha. Majirani wamerudi kuwa majirani, na chama kinataka kuishi. Majina ya waliowaficha watu yatachapishwa tu kwa ruhusa yao. Yule mama Musanga bado yuko, na amesema atafikiri kwanza.

Bulletin itapiga chapa masimulizi hayo kidogo kidogo, na nakala zitapelekwa kwa maktaba za vyuo vikuu vya Kolwezi na Lubumbashi. Kwa wafadhili tunaomba dictaphone mbili na safari moja ya Mwene-Ditu, kwa wale ambao hawakurudi.

Kwenye ukurasa wa mji sasa kuna sentensi moja juu ya 1993, bila namba na bila «wote». Baba wa reli alipoisomewa alisema ni fupi sana. Ataanza yeye Jumamosi hii.